Mwongozo kamili wa kumleta msanii mkubwa kwenye sherehe yako au ya kampuni bila kuingizwa mjini

Ikifika mwezi wa kumi simu zinaanza. Kampuni inataka mtu wa kupafomu kwenye pati ya kufunga mwaka, kamati ya harusi imekusanya mchango mzuri kuliko ilivyotegemea, mjomba mmoja kasimama kikaoni kasema "jamani kwa hela hii si tumlete fulani kabisa", watu wakapiga makofi, alafu kazi ya kumtafuta huyo fulani anaangushiwa mtu ambaye hajawahi hata kuongea na meneja wa msanii. Huyo mtu ndo namuandikia. Nazungumzia Dar na bara kwa ujumla, Zanzibar nitaigusa kidogo.

Jambo moja lishike kabla ya yote: humnunui msanii, unanunua dakika zake chache. Jukwaa, umeme, spika, kibali, chumba cha kubadilishia nguo, muda wa kupanda, wageni kuwa bado wapo ukumbini, hivyo vyote ni juu yako, na shoo nyingi zinazoharibika haziharibiki kwa sababu ya msanii, zinaharibika kwenye hivyo.

HATUA YA 1: Angalia watakaokaa kwenye viti, sio unachokipenda wewe

Watu wa tamasha la Fiesta wamesimama, wamelipa kiingilio, wanaimba kila mstari. Wageni wa kampuni wamekaa meza za watu kumi kumi, bosi yupo mbele, sahani ya pilau iko mkononi, wengine wanaangalia saa maana wanakaa mbali, Chanika huko. Msanii yule yule aliyewasha uwanja anaweza akaimba hapo nusu saa kwa plebeki, yaani juu ya mziki uliorekodiwa, watu wakabaki wanarekodi na simu tu, na kesho yake mhasibu anauliza hela imeenda wapi.

Kwahiyo kama wageni wako wengi wamevuka miaka 45, nakuambia ukweli, bendi ya dansi itakutoa kimasomaso kuliko nyota wa bongo fleva. Msondo Ngoma ambao chimbuko lao ni NUTA Jazz ya 1964, au Sikinde waliopo tangu 1978, wanapiga laivu masaa, wazee wananyanyuka wenyewe bila MC kuwabembeleza. Twanga Pepeta nao kwa rika la katikati ni salama. Kama ni vijana wa mauzo na wa kol senta, hapo ndo unatafuta akina Marioo, Zuchu, Jux, Harmonize, na kama ukumbi hauna viti vingi na watu wamechangamka, singeli, ila singeli na mgeni rasmi mwenye suti ni vitu viwili viende kwa mpangilio, mzee aondoke kwanza.

Mpango ambao kwangu unafanya kazi mara nyingi: bendi ya kawaida ya laivu ipige kuanzia wageni wanaingia mpaka chakula, alafu nyota mmoja apande dakika 30 au 40 wakati watu wameshiba. Hela inatosha na usiku haulali.

Taarabu ina mambo yake. Kwenye sendofu na kicheni pati hakuna kinachoishinda, lakini nyimbo ni ndefu, wanamuziki wanakaa kwa hiyo jukwaa liwe pana, na mbele ya jukwaa iachwe nafasi ya wamama kwenda kumtunza mwimbaji hela. Ulizeni mapema kama hela ya kutunzwa ni ya mwimbaji juu ya malipo yake au imeshapigiwa hesabu, msije mkashikana mashati saa saba usiku. Na maneno yasikilizwe. Mipasho ni mitamu ila kama ukumbini yupo bimkubwa na bimdogo wa baba mwenye shughuli, mtu ataondoka ananuna. Khadija Kopa na binti yake Zuchu ni nyumba moja, lakini ukiandaa shughuli ya mama kwa vifaa vya mwana umekwama, mmoja anahitaji wapigaji nyuma yake, mwingine anakuja na DJ na madansa.

Gospo hivyo hivyo. Rose Muhando au Christina Shusho kwenye harusi ya walokole ni baraka, ila usimuweke kwenye ratiba moja na bia za bure kaunta bila kumwambia. Anaweza kukataa na atakuwa na haki.

HATUA YA 2: Tarehe

Jumamosi za Desemba ndo ghali na ndo za hatari, maana msanii mkubwa siku hiyo anaunganisha shoo mbili hadi tatu. Kama tarehe ni ya kampuni na inasogezeka, peleka Alhamisi. Utapata msanii ambaye hana haraka na bei inaongeleka. Mwezi wa Ramadhani wengi wanasimamisha shoo kabisa, na harusi za Wakatoliki zinapungua sana Kwaresma, kwahiyo wiki baada ya Idi na baada ya Pasaka kila mtu anagombania ukumbi na wasanii wale wale.

Na mwaka wa uchaguzi msijisahau. 2020 na 2025 kampeni zilianza mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, wasanii wengi wakubwa wanakuwa kwenye mikutano mikoani, humpati, au anakubali alafu ratiba ya chama inabadilika. Kama ni kampuni, hapo pia pima wateja wako wanamuonaje msanii aliyetoka jukwaa la siasa juzi tu, wengine hawajali, wengine wanajali sana.

HATUA YA 3: Kumpata meneja wa kweli

Hapa ndo watu wanapigwa. Mjini kila mtu ni "mshikaji wa karibu" wa msanii. Binamu wa DJ wake, dogo aliyewahi kumbebea begi, promota wa zamani. Wote watakuambia "mimi namalizana nae moja kwa moja, meneja anaongeza cha juu." Achana nao.

Anza na namba au imeili ya buking iliyopo kwenye ukurasa rasmi wa msanii, ule wenye tiki. Wasanii walio chini ya lebo, kama WCB ya Diamond, Kings Music ya Alikiba, Konde Gang ya Harmonize, mazungumzo yanapita kwenye uongozi, hata msanii mwenyewe akikuambia sawa kwenye simu hiyo sawa haina maana mpaka uongozi uweke tarehe kwenye kalenda. Omba mkutane ofisini kwao. Omba usajili wa kampuni wa BRELA na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Meneja wa kweli hatashangaa, kashazoea kuulizwa na mabenki na mitandao ya simu, anayekasirika ukimuuliza TIN huyo mshukuru na uendelee na safari.

Malipo yaende akaunti ya benki yenye jina lile lile lililopo kwenye mkataba. Ukiambiwa kwamba akaunti ina tatizo kidogo, ile hela tuma kwenye namba hii... wote tunaijua hiyo meseji, cha kushangaza watu wanaoifuta kila siku wakicheka ndo hao hao wanatuma milioni tatu ya advansi kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu tu profaili ina picha ya msanii.

HATUA YA 4: Bei, na nini kimo ndani ya hiyo bei

Sitaji bei za watu, zinapanda ngoma ikitoka na zinashuka msanii akikaa kimya, na mteja kampuni anatajiwa tofauti na mteja harusi. Ila ukitajiwa namba yoyote uliza hivi, na uandike majibu:

Ni dakika ngapi? Plebeki, laivu na bendi, au nusu nusu? Anakuja na watu wangapi, madansa, DJ, mpiga picha, mabaunsa, walinzi? Usafiri wa Dar ni wao au wangu? Mkoani, tiketi za ndege ngapi, vyumba vingapi vya hoteli, usiku mmoja au miwili? Chakula? Vifaa vya bendi nani analeta?

Shoo ya Mwanza au Arusha ukiipigia hesabu vizuri unaweza kukuta hela ya msanii ni sehemu tu na msafara ndo unaokula. Bendi kamili ni watu 12 mpaka 20, ngoma na vinanda vinapanda gari siku moja kabla. Mtu mmoja na DJ wake ni habari nyingine kabisa, na ndo maana plebeki imetawala, sio uvivu tu.

Ukitajiwa bei kwa dola na wote mko Tanzania, omba ya shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutaja bei au kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Sio suala la ubishi, ni kuwalinda nyie wote wawili.

Kupunguziwa kunawezekana lakini usiseme "tupunguzie tu bro". Toa kitu: siku ya katikati ya wiki, muda mfupi zaidi, madansa wawili badala ya sita, au malipo yote mapema. Meneja anaelewa lugha hiyo.

HATUA YA 5: Kodi (kampuni someni, kamati za harusi mnaweza kuruka)

Kampuni ikimlipa msanii mkazi inatakiwa ikate kodi ya zuio ya 5% kwenye ada ya huduma na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa msanii asiye mkazi ni 15%. Ugomvi unaanzia wapi? Meneja kasema "milioni 20 mkononi", wewe umeenda kwa bosi ukasema milioni 20, mhasibu akakata 5%, msanii akapokea 19, siku ya shoo hapandi.

Mkononi maana yake mkononi. Ili apokee 20,000,000 baada ya makato, bei kamili ya kuandika kwenye mkataba ni 20,000,000 gawanya kwa 0.95, yaani 21,052,632, na 1,052,632 inaenda TRA. Kama kampuni ya msanii imesajiliwa VAT ongeza 18% juu ya hiyo bei kamili, sasa umefika 24,842,106 na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatakiwa. Angalia ilivyotoka 20 ikafika karibu 25 bila mtu yeyote kukuibia. Ndo sababu swali la kwanza kwa meneja baada ya bei liwe "hiyo ni kabla au baada ya kodi?"

Mtu binafsi anayelipia harusi yake, sio biashara, hana wajibu wa kukata hiyo kodi ya zuio.

HATUA YA 6: Mkataba

Hata ukurasa mmoja unatosha, ila uandikwe, usainiwe na mwenye mamlaka, na usainiwe KABLA ya advansi. Tarehe, ukumbi, dakika na bei hivyo kila mtu anakumbuka. Vinavyosahaulika ni hivi.

Muda wa kupanda. Usiandike "usiku". Andika saa 3:30, na andika msanii anasubiri mpaka saa ngapi kama ratiba yenu imechelewa. Maana tuwe wakweli, zinazochelewa ni sherehe zetu. Bibi harusi yuko saluni, mgeni rasmi yuko foleni ya Mwenge, zawadi za upande wa mume zinatajwa moja moja. Msanii ana shoo nyingine saa 5, akiondoka kwa sababu nyie mlichelewa masaa mawili hela hairudi, na kisheria ana hoja. Upande wa pili andika pia yeye akichelewa zaidi ya saa moja kinapungua nini.

Malipo. Kawaida ni nusu kufunga tarehe na nusu kabla ya kupanda. Hiyo nusu ya pili usipange kuilipa Jumamosi usiku, benki zimefungwa, simu ina kikomo cha kutuma kwa siku, utajikuta unazunguka na wajumbe wa kamati kila mtu anatoa laki nane kwa wakala. Lipa Ijumaa asubuhi, au hela iwe kwa mtu wa tatu mnayemuamini wote, mfano meneja wa ukumbi au mwanasheria.

Kuahirisha na kufuta. Msanii akiumwa, ndege ikifutwa, msiba wa kitaifa ukitangazwa na sherehe zikasimama, nani anabaki na advansi? Mwaka 2021 nchi ilikuwa kwenye maombolezo ya Rais Magufuli kuanzia katikati ya Machi, sherehe kibao zilisogezwa. Andikeni kabisa kwamba advansi inahamia tarehe mpya ndani ya miezi kadhaa mtakayokubaliana.

Picha na video. Kumlipa apafomu sio kumlipa awe balozi. Kampuni ikichukua video ya msanii kwenye pati ikaitumia kama tangazo la biashara inatafuta kesi. Kama mnataka aposti kabla au baada, hiyo ina bei yake, iwe kwenye mkataba, posti ngapi na zikae muda gani.

Migongano ya biashara, hapa watu wa masoko wanateleza sana. Uliza msanii ni balozi wa nani saivi. Huwezi kuleta kwenye uzinduzi wa mtandao wako wa simu mtu ambaye bango lake la mtandao mpinzani liko barabara nzima ya Bagamoyo. Wengine wana bidhaa zao wenyewe, Diamond aliwahi kutoa karanga na manukato, Alikiba akatoa kinywaji cha kuongeza nguvu. Na Diamond ana redio na TV, kwahiyo kama mdhamini wenu wa habari ni redio nyingine, waiteni wote mezani mapema, msisubiri siku ya mabango.

Listi ya nyimbo. Kaeni mkubaliane. Harusini kuna nyimbo kali ambazo ukisikiliza maneno ni mtu ameachwa analia, MC anaita "nyimbo ya maharusi" wakati mashairi yanasema mapenzi yamekufa. Pia wimbo uliofungiwa usiwepo kabisa. Desemba 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliwafungia Diamond na Rayvanny kufanya shoo baada ya kuimba jukwaani Mwanza wimbo ambao ulikuwa umeshafungiwa. Sasa fikiria hiyo inatokea wiki mbili kabla ya shughuli yako. Kwahiyo ulizia pia kama msanii mwenyewe yuko sawa na BASATA.

HATUA YA 7: Vibali

Sherehe ya ndani ya ukumbi mkubwa kama Mlimani City, JNICC au Diamond Jubilee mara nyingi ukumbi wenyewe utakuambia nini kinahitajika, waulize kwa maandishi, pamoja na suala la hakimiliki, maana mziki wa hadharani unalipiwa. Sherehe ya nyumbani au ya bustanini anza serikali ya mtaa, alafu polisi, na kama ni wazi wazi kwenye makazi ya watu NEMC, wale wa mazingira, hawana utani na kelele. Tukio la kuuza tiketi ni ngazi nyingine, hapo uko na BASATA moja kwa moja na unahitaji promota aliyesajiliwa.

Zanzibar baraza la sanaa ni BASSFU, sio BASATA, na VAT ya kule sio ile ile ya bara. Ukiwa na wageni wa mkutano Unguja na unataka kitu watakachokumbuka, kabla hujasafirisha nyota kutoka Dar ulizia vikundi vya kule, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905.

Msanii wa nje, tuseme unamtaka mtu kutoka Kongo au Nigeria: kibali cha BASATA, uhamiaji na kibali cha kazi cha muda, ile kodi ya zuio ya 15% kama ni kampuni inayolipa, na viza za msafara mzima. Usifanye mwenyewe. Tafuta promota aliyeshaleta watu, mlipe.

HATUA YA 8: Mitambo

Omba raida, yaani listi ya vifaa anavyotaka, mapema, umpe fundi sauti na sio MC. Fundi wa harusi mwenye spika mbili na maiki moja ya waya anaweza hotuba, hawezi shoo. Angalau maiki zisizo na waya zaidi ya idadi ya waimbaji, monita za jukwaani ili msanii ajisikie, laini ya DJ wake kuingia kwenye miksa, na bendi ikija ngoma na ampu ziwe zimekubaliwa ni za nani.

Saundi cheki ifanyike kabla wageni hawajaingia, saa 9 au 10 jioni. Msanii mwenyewe hatakuja, atakuja DJ au mtu wake wa sauti, na inatosha.

Umeme: jenereta liwe limewashwa na kujaribiwa na mzigo wote, sio kuonyeshwa tu lilipo. Na kwenye kumbi ndogo angalieni LUKU ina yuniti ngapi, sitanii. Bustanini wakati wa masika au vuli turubai lifunike jukwaa na miksa, sio wageni peke yao.

HATUA YA 9: Siku yenyewe

Chagua mtu mmoja tu wa kumshughulikia msanii, awe na chaji, vocha, na mamlaka ya kuamua. Asiwe mwenyekiti wa kamati, huyo ana mambo yake. Mtu huyu anajua geti gani msanii anaingilia, chumba kiko wapi, maji yapo, na anazuia wajumbe na shemeji zao wasijazane humo kupiga selfi. Selfi zipangwe, dakika 10 baada ya shoo, maharusi au mabosi kwanza.

MC apewe taarifa dakika 15 kabla ya muda na aambiwe wazi hakuna hotuba nyingine. Kama kuna mgeni rasmi, hotuba yake iishe kwanza, na msanii apande papo hapo, kwa sababu mgeni rasmi akiondoka nusu ya meza za mbele zinaondoka nae, utamlipa mtu kuimbia viti.

Ratiba ikianza kuteleza mpigie meneja saa hiyo hiyo, usisubiri wafike getini. Mara nyingi wanaweza kubadilishana na shoo yao nyingine wakaanzia kule.

Shoo ikiisha hesabuni dakika, sainini kwamba kazi imefanyika, na kampuni msisahau kumpa msanii cheti cha kodi ya zuio mliyokata. Wengi hawapewi, na mwaka ujao ukimpigia meneja wake ataanza na hicho cheti kabla ya salamu.